Mama Sponji Alipokaanga Vitunguu

Gari lile, kabla halijawa nyumba, lilikuwa la kusambazia mikate, na halikuwahi kuusahau ujana wake. Mama Sponji alilipaka rangi ya kijani mara tatu, na mara zote tatu maandishi ya zamani yakajirudisha ubavuni taratibu, kama shemeji asiyefukuzika: MKATE LAINI KILA SIKU. Ndiyo maana Jumatano ile, siku ya tatu ya safari, alipofika kwenye kizuizi cha barabarani na mbingu imevimba kama shavu lenye jino bovu, mlinzi wa kizuizi alisogea, akainama dirishani na kusema kwa heshima zote:

"Shikamoo mama. Nipe miwili, na isiwe ya jana."

"Marahaba. Sina mkate, baba. Hii ni nyumba."

Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili, akausoma ubavu upya, kisha akamtazama mwanamke aliyeshika usukani: miaka hamsini na minane, kofia ya sufu imekaa upande, mdomo umejaa karanga.

"Nyumba," akasema, kama anayeonja chumvi. "Na mwenye nyumba yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kuna jiko pia, lakini haliongei."

"Mama yangu, huko mbele daraja limeshafunikwa na maji. Na hii unayoiona siyo dhoruba, hii ni salamu tu. Redio imesema upepo unaokuja unang'oa mabati. Geuza. Kuna nyumba ya wageni kilomita ishirini nyuma."

Mama Sponji akameza karanga zake. "Hakuna kilima hapa karibu?"

"Kilima kipo, hicho hapo, kina uwanja wa kuegesha malori. Maji hayafiki. Lakini mama, upepo utaanzia hukohuko!"

"Vizuri," akasema Mama Sponji, akiingiza gia. "Sikusafiri siku tatu ili upepo unipite kwa pembeni."

Akapanda kilima akipiga honi bila sababu yoyote.

Sasa, ili ujue kwa nini mama mzima anaikimbilia dhoruba badala ya kuikimbia, lazima uijue kazi yake. Mama Sponji ni fundi wa makochi. Kwa miaka thelathini na minne amekaa kwenye kibanda nyuma ya duka la vipuri, katikati ya mbao, misumari na marundo ya sponji, akivisha viti nguo. Kochi la daktari wa meno ni lake. Kiti cha hakimu ni chake, na ni yeye peke yake anayejua kwamba hakimu alirudi mara mbili kuomba kiongezwe ulaini, kwa sababu haki ni nzito na inakaliwa muda mrefu. Lakini kazi iliyomlisha hasa ni viti vya mabasi. Alishona viti vya mabasi yaendayo kaskazini, kusini na ng'ambo ya mpaka. Makalio ya nchi nzima yalipita mikononi mwake na kwenda kuona dunia. Yeye alibaki kibandani, akiyaaga.

Siyo kwamba hakutaka kusafiri. Aliolewa na mwanamume mpole, karani wa posta, mwenye kila sifa njema isipokuwa tumbo. Marehemu alikuwa akitapika kwenye basi, kwenye treni, na mara moja kwenye lifti, ghorofa ya pili. Alimpenda mkewe, naye mkewe akampenda na ndoo yake. Alipofariki, Mama Sponji alimlilia mwaka mzima kwa haki kabisa. Mwaka wa pili akapanga kanga na mawazo. Mwaka wa tatu akaenda kiwanda cha mikate na kununua gari chakavu.

Akaling'oa rafu zote. Akatengeneza kitanda, kabati na meza ya kukunja. Fundi wa kuchomelea alikata paa na kulifunga bawaba, likawa linainuka juu kwa nguzo mbili kama kifuniko cha sanduku, na Mama Sponji mwenyewe akalishonea kuta za turubai pande zote, ili paa likiinuka mtu aweze kusimama wima ndani. Sponji hakuibania hata kidogo. Ukiangukia popote ndani ya gari lile, unaangukia laini.

Hapo ndipo familia iliposhtuka.

Kifungua mimba wake anaitwa Mwenyekiti, na jina hilo hakupewa na chama chochote. Ni kwamba ndani ya familia ile hakuna bomba linalovuja bila yeye kuitisha kikao. Anafanya kazi ofisi ya bima, ambako mshahara wake unatokana na kuwaeleza watu kwa upole kwa nini ajali yao haihesabiki kuwa ajali. Aliitisha kikao sebuleni kwake, akafungua faili. Mdogo wake wa mwisho, binti msusi mwenye ulimi wa wembe, akateuliwa kuwa katibu kwa sababu alikuwa na kalamu.

"Mama," akaanza Mwenyekiti, "umri wako na ubovu wa gari, ukivijumlisha, unapata kitu kinachoitwa hatari isiyobebeka."

"Nijumlishe vizuri, mwanangu. Ulipata ngapi hesabu darasa la saba?"

"Andika hilo," akasema msusi, akijiandikia mwenyewe.

Wakabishana saa mbili. Mwishowe yakatoka makubaliano yenye vifungu sita, yakapigwa chapa. Mama ataendesha peke yake hadi mwisho wa lami, kule barabara inakoishia juu ya genge, na kurudi ndani ya siku saba. Kila siku saa kumi jioni atapokea simu ya picha, familia imwone uso. Kifungu cha nne ndicho kilichokuwa na meno: akiomba msaada kwa binadamu yeyote, hata mara moja, funguo zinakabidhiwa, gari linauzwa, na mama anahamia chumba cha uani kwa Mwenyekiti. Akirudi bila kuomba, gari ni lake na suala halitajadiliwa tena.

Chumba chenyewe kilikuwa kimeshapakwa rangi ya maziwa. Bafuni kulikuwa na chuma cha kujishikia. Mama Sponji alipelekwa kukiona, akakishika kile chuma, baridi yake ikampanda hadi begani. Akaenda nyumbani kupakia vitunguu.

Basi huyo hapo juu ya kilima, saa tisa na nusu alasiri, peke yake kwenye uwanja wa malori usio na lori hata moja. Wenye akili walikuwa wamegeuza. Chini bondeni aliliona daraja, au tuseme aliona kingo zake mbili zikichungulia kwenye maji ya kahawia kama masikio ya kiboko. Upande wa pili mvua ilikuwa inakuja kwa miguu, pazia zima la kijivu, ikivuka mashamba moja baada ya jingine. Mama Sponji alisimama nje na kikombe cha chai, vidole vya miguu vikimwasha kwa furaha. Hajawahi kuiona mvua ikija kutoka mbali. Kibandani mvua ilikuwa ni kelele ya bati na mteja asiyetokea.

"Njoo," akaiambia. "Njoo, mama, usione haya."

Ikaja. Tone la kwanza lilikuwa kubwa kama kifungo cha koti. Akakimbilia ndani, akafunga mlango, na hapo akafanya jambo ambalo hata mlinzi wa kizuizi asingelifanya: akainua paa. Mtu mwenye busara angeliacha chini. Lakini yeye alitaka kuisikia dhoruba kwa masikio yote mawili, akiwa amesimama, turubai likinguruma kumzunguka kama ngoma na yeye yuko ndani ya ngoma. Na kwa dakika kumi alipata alichokitaka. Radi ikapasuka, akapiga makofi. Gari likayumba, akasema "Ewaa!" Upepo ukapiga ubavu wa kushoto, ukazunguka, ukapiga wa kulia, naye akawa anacheka peke yake kama aliyeambiwa siri ya jirani.

Kisha tone likamdondokea shingoni.

Akatazama juu. Kwenye kona, juu ya mto wa kitanda, turubai lilikuwa linapumua. Linafunguka kidomo, linafumba, linafunguka. Na kila lilipofunguka upepo uliingia, ukalijaza paa zima kama hamira inavyojaza donge, nguzo mbili za chuma zikalia kwii.

Mama Sponji akapanda kitandani, akaisogelea ile kona. Alipoona alichokiona, akajipiga kofi la paja.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi na matusi, na katika yote aliyomfundisha, moja lilikuwa sheria: kiti hakifungwi mpaka mwenye makalio aje. Unashona kila kitu, lakini mshono mmoja wa mwisho unaupiga bandi tu, nyuzi nne tano za kushikiza, ndefu na legevu, ambazo kwa mbali zinaonekana kama mshono. Mteja anakuja, anakaa, anajitikisa kushoto na kulia. Ukiona sponji haimpendi, unaongeza au unapunguza. Akitosheka, unamfungia mbele ya macho yake. Kwa miaka thelathini na minne Mama Sponji hajafunga kazi ambayo mwenyewe hajaikalia.

Basi alipolishona turubai la gari lake, mikono ilifanya inachokijua. Ikashona pande zote kwa mashine, mshono mara mbili, nadhifu. Ikafika kona ya mwisho, ikapiga bandi na kuacha. Inamsubiri mteja. Na mteja hakutokea kudai kazi yake, kwa sababu alikuwa amekaa hapohapo kwenye stuli akinywa chai. Usiku wa kwanza na wa pili ulikuwa mkavu, nani angetazama kona?

"Mwenyewe ni nani, mjinga wewe?" akajiuliza kwa sauti. "Mwenyewe ni nani?"

Akajaribu kulishusha paa. Halikushuka. Upepo ulikuwa umeshaingia ndani na kulisimamisha. Alining'inia kwenye kamba ya kulishushia na uzito wote aliojaliwa, na uzito alijaliwa, paa likamwinua yeye. Bandi ya kwanza ikakatika. Kidomo kikawa mdomo. Maji yakaingia kama yaliyoalikwa.

Simu ikaita. Saa kumi kamili. Mwenyekiti hajawahi kuchelewa popote maishani mwake, hata alipozaliwa.

Asipopokea, atatangaza mama amepotea na kuwaita waokoaji wa wilaya tatu. Akipokea na wakaona, itakuwa vivyo hivyo, na chapa juu yake. Mama Sponji akageuka, akauegemeza mgongo wake kwenye ile kona ili kuziba pengo kwa mwili, akaishika simu mbele ya uso, karibu kabisa, nyuma yake kukionekana kipande kidogo cha kabati kikavu. Maji yakaanza kumteremka ndani ya blauzi.

"Shikamoo Mama," akasema Mwenyekiti, miwani imejaa kwenye kioo. Pembeni yake alikuwa msusi, akitafuna ubani.

"Marahaba wanangu! Hamjambo?"

"Hatujambo. Mama, hiyo sauti ni ya nini?"

Mvua ilikuwa inalipiga bati kwa maelfu. Mama Sponji hakufikiri hata nukta moja.

"Nakaanga."

"Unakaanga nini kwa sauti hiyo?"

"Vitunguu."

"Vingapi?"

"Vingi."

Msusi akasogeza uso. "Mama, mbona umelowa machoni?"

"Si nimekwambia vitunguu, mwanangu? Hivi vya huku vikali, vinaliza mpaka babu zako."

Radi ikapasuka juu ya kilima. Kwenye simu Mwenyekiti akaruka.

"Na hilo?"

"Sufuria. Imeanguka."

"Imeanguka wapi, Mama, kisimani?"

Bandi ya pili ikakatika nyuma ya bega lake. Akausikia upepo ukimwingia mbavuni na kumsukuma mbele, na nguzo moja ikalia tofauti, sauti nyembamba ya chuma kinachofikiria kupinda. Hapo, kwa muda wa pumzi moja, moyo ulimshuka kweli. Lile paa likiondoka, litaondoka na mwaka mzima wa kazi ya mikono yake. Neno moja tu, na yule kijana mwenye miwani, ambaye hata hivyo anampenda, angewasha gari na kuja. Akakikumbuka kile chuma cha bafuni kilivyokuwa baridi.

"Kwa mujibu wa kifungu cha nne," akasema Mwenyekiti taratibu, "kuna msaada wowote unaouhitaji?"

"Chumvi imepungua kidogo."

"Hilo ni ombi?"

"Ni maelezo, baba. Kesho saa kumi. Vinaungua!" Akakata.

Akaitupa simu kwenye blanketi, akavuta droo. Sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, ile ya kushonea pasipofikika. Uzi wa nailoni. Kipande cha nta. Subana kidoleni. Akauburuza uzi kwenye nta mara tatu kama kawaida yake, maana dhoruba au si dhoruba, uzi usiopakwa nta ni uvivu. Akasimama juu ya kitanda, miguu imepanuka, na kuikamata midomo miwili ya turubai kwa mkono wa kushoto.

Kushona kitu kinachopigana nawe ni kazi nyingine. Mshono wa kwanza ukamponyoka. Wa pili ukamchoma dole gumba. Wa tatu upepo ukamnyang'anya turubai na kumpiga nalo kofi la shavu, kofi la haki kabisa.

"Wewe!" akaupigia kelele upepo, kwa sauti anayoitumia kwa wateja wanaokaa kwenye makochi ya watu. "Subiri zamu yako!"

Na kweli, aliposikiliza, ulikuwa na zamu. Ulisukuma, ukasukuma, halafu ukavuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne, kisha ukasukuma tena. Fundi aliyezoea mashine anajua mwendo ni nini. Akaacha kupigana. Upepo ukisukuma, anashika tu na kumwaga matusi ya mwalimu wake, yote, kwa mpangilio. Upepo ukivuta pumzi, sindano inaingia, inazunguka, inatoka, vuta, kaza. Mshono mmoja kwa pumzi moja. Kumi. Kumi na tano. Maji yalimtiririka kwenye viwiko hadi kwapani, kofia ilishaelea chini ya meza, na yeye alikuwa na furaha ambayo hajaipata tangu utundu wa utoto wake. Kila radi ilipomulika aliuona uzi mweupe unavyopanda turubaini, umepinda, unayumba kama mlevi anayerudi nyumbani, lakini unarudi.

Thelathini na nane. Fundo. Fundo juu ya fundo. Akakata uzi kwa meno.

Paa likatulia. Siyo kwamba upepo uliacha. Ulizunguka gari ukipapasa, kama mteja aliyekuta duka limefungwa na bado anatikisa kitasa. Lakini ndani haukuingia tena. Kamba ikakubali. Paa likashuka taratibu, likajifunga: klik.

Mama Sponji akajibwaga kitandani, akaketi na uzito wake wote. Akajitikisa kushoto. Akajitikisa kulia. Sponji ikamkubali.

"Haya," akasema. "Mwenyewe amekaa."

Kisha, kwa kuwa hakulelewa kuwa mwongo, akawasha jiko na kukaanga vitunguu. Vingi.

Alhamisi mchana maji yakashuka, akavuka daraja. Ijumaa akafika mwisho wa lami, ambako barabara inakoma ghafla kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na mbele yako ni upepo na nafasi. Akaegesha, akafungua milango yote, akapiga honi kwa dakika nzima. Kunguru mmoja alilalamika. Wakati wa kurudi akasimama kwenye kizuizi, akamnyooshea yule mlinzi mfuko dirishani.

"Hii hapa miwili. Ya leo."

Mlinzi akaipapasa ile mikate. "Si ulisema hii ni nyumba?"

"Nyumbani hakukosi mkate," akajibu, na kuondoka.

Jumapili alasiri Mwenyekiti alifanya ukaguzi. Aliingia garini na faili na funguo alizokabidhiwa kwa ukaguzi, viatu amevua, akakagua jiko, breki, kabati. Msusi alibaki mlangoni na kalamu. Kwa bahati mbaya au nzuri, Mwenyekiti akaamua kujaribu kitanda, akalala chali, akatazama juu. Akaikazia macho ile kona.

Usisahau kwamba huyu alikulia chini ya meza ya kibandani. Alifanyia hapo kazi zake zote za shule, kichwani kukinyesha vumbi la sponji. Mishono ya mama yake anaijua kama mwandiko.

"Mama. Kona hii siyo kazi yako."

"Ni yangu."

"Imepinda."

"Ilikuwa inatikisika."

Mwenyekiti akainuka, akaigusa kwa kidole, mshono mmoja mmoja. "Ulishona lini?"

"Jumatano."

"Jumatano saa ngapi?"

"Nilipokuwa nakaanga."

Msusi akaziba mdomo, ubani ukamkwama. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwenye ofisi ya bima hawafundishwi la kufanya hapo.

"Ungeweza kufa, Mama."

"Ningeweza. Ningeweza kuomba msaada pia. Nikusomee kifungu cha nne?"

Kisha Mwenyekiti akavuta ukurasa wa mwisho wa faili na kuweka sahihi, polepole, kama anayetia sahihi dai la ajali ambayo safari hii inahesabika. Akazishika funguo kidogo, halafu akamrudishia mama yake. Akasogea mbele ili akae kwenye kiti cha abiria.

"Simama! Usikae hapo!"

"Kuna nini?"

"Hicho bado kina bandi. Sijakifunga."

Mwenyekiti akakitazama kile kiti, kitambaa chake chekundu, kona moja imeshikizwa kwa nyuzi nne ndefu. "Kinamsubiri nani?"

"Bado sijui," akasema Mama Sponji, akiwasha redio na kutafuta taarifa ya hali ya hewa. "Wewe hapana. Wewe una chumba kizuri cha uani, na chuma cha kujishikia. Nyamaza kidogo, baba, nisikie wiki ijayo inanyesha wapi."